Walikuwa Wananingoja Mimi

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tena. Bati la ukumbi wa kanisa linapiga kelele mpaka koo limenikauka. Nusu ya asubuhi nimefundisha kwa kuandika ubaoni, maana hakuna aliyekuwa ananisikia. Kalamu mbili zimeisha wino.

Walezi wa vituo vya watoto wadogo wamefika karibu wote. Wa hapa Kyela mjini, wa Bujonde, wa Katumba Songwe. Yuko hata mmoja wa Ikombe, mama Sekela, mtu mzima, aliyepanda mtumbwi jana mpaka Matema ndipo akapata gari. Hasemi. Anaandika kila ninachotamka, hata mizaha.

Tangu nihamishiwe huku kutoka Kondoa, hii ndiyo semina ya kwanza ambayo ni yangu mwenyewe. Afisa ustawi wa jamii, mwezeshaji mkuu. Mama nimempigia asubuhi nikamwambia. Amecheka, amesema nisisahau kula.

Bila dada mmoja anayeitwa Tusekile siku ingekufa. Ni wa Katumba Songwe, mlezi pekee wa kituo chao. Mvua ilipozidi alisimama akaanzisha wimbo wa watoto wa kunawa mikono, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa. Wote wakainuka wakacheza. Na mimi nikacheza. Ana uso wa mtu ambaye ungemkabidhi mtoto wako barabarani bila kumuuliza jina.

Amekuja na binti mdogo, Bupe. Ni wa mume wake kwa mke wa kwanza, aliyefariki. Hana wa kumwachia. Nimemruhusu. Mtoto amekaa kwenye mkeka nyuma ya ukumbi kutwa nzima. Ana miaka mitano hivi. Hakusumbua hata kidogo.

Jumanne, 6 Mei

Leo dalili. Mtoto anayeumizwa anaonekanaje. Niliwagawa kwenye makundi, kila kundi lieleze linachokijua, tusianze na vya vitabuni.

Kundi la Tusekile limefanya vizuri kuliko yote. Yeye ndiye alisimama kueleza. Kasema mtoto wa hivyo anakula haraka kama anafukuzwa, na akipata chakula cha ziada anakificha. Kasema haombi kitu. Kasema ukiinua mkono kuchukua kikombe, yeye anafumba macho. Nikasema, mpigieni makofi. Wakampigia. Sasa nakumbuka kwamba hawakupiga kwa nguvu.

Wakati wa chai nilimwona Bupe anaweka kipande cha andazi ndani ya gauni. Nikasema moyoni, mtoto mlafi huyu. Nikaendelea kunywa chai.

Chumbani joto. Neti imetoboka. Nimeandika haya nikiwa na furaha ya semina kwenda vizuri.

Jumatano, 7 Mei

Mimi ni mjinga.

Bupe alianguka kwenye ngazi za ukumbi, saa ya mapumziko. Kidevu kikapasuka, damu mpaka kwenye gauni. Hakulia. Aligeuza kichwa kwanza kumtafuta Tusekile alipo, na alipoona Tusekile hayupo, yuko chooni, akakaa chini akafunika kidevu kwa mikono miwili kama anayeficha kitu alichoiba.

Nikambeba mpaka bombani nyuma. Nikamwosha. Gauni lilikuwa limelowa, nikalipandisha nikamue upindo. Nyuma ya magoti, na kupanda juu. Alama za waya. Za zamani zimekuwa nyeusi na kung'aa. Nyingine zina gamba bado.

Mwaka mzima nasema mbele za watu: usimhoji mtoto. Usimwahidi usichokiweza. Nikamuuliza nani. Hakujibu. Nikamwambia, "Hutapigwa tena." Alinitazama kama mtu anayesikiliza Kirangi, lugha ya kwetu Kondoa. Hakufurahi, hakushtuka. Alingoja nimalize kusema ili arudi kwenye mkeka.

Tusekile akaja mbio. Akampokea, akamfuta, akasema, "Pole, mwanangu, pole," kwa sauti nzuri kabisa. Mtoto akafumba macho.

Baada ya hapo nilirudi ndani nikafundisha mpaka mwisho. Sijui nilifundisha nini.

Alhamisi, 8 Mei

Somo la leo: kutoa taarifa. Siku hiyohiyo, nimewaambia. Usingoje uhakika, uhakika si kazi yako. Nimeyasema hayo nikiwa nimelala na taarifa yangu mwenyewe usiku mzima. Nilikuwa naona aibu kuwatazama machoni.

Asubuhi kabla ya somo nilimwendea bosi wangu. Alisikiliza. Ni mtu mpole, ndiyo shida yake. "Zaituni, kesho wageni wa wafadhili wanakuja kufunga semina. Tufunge kwa amani, halafu jioni tulishughulikie. Mtoto hakimbii."

Nikasema sawa. Nikafundisha. Mchana chakula kilinishinda. Tusekile aliniletea sahani nyingine, wali na samaki, akasema nimekonda tangu Jumatatu, niwe nakula. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumwomba anieleze kwamba nimeona vibaya.

Walezi walipotawanyika nilipanda bajaji mpaka polisi, dawati la jinsia na watoto. Afande Rehema yuko peke yake pale, na meza moja. Nimemweleza. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa siku nzima. Amesema atakuja kesho asubuhi, kwa nguo za kiraia, na tutampeleka mtoto hospitali.

Bosi bado sijamwambia.

Ijumaa, 9 Mei

Afande alikuja kabla ya wageni. Nikamwita Tusekile nje, chini ya upenu. Mvua ilikuwa imekatika, kila kitu kinatoa mvuke. Alipoona kitambulisho cha Rehema hakukimbia, hakukana.

"Ndiyo, namchapa. Nani hachapi?"

Rehema akamwambia hizo si alama za kuchapa.

"Bibi yangu alinifanyia zaidi ya hayo, afande. Na hawa hapa juzi walinipigia makofi." Kisha akanigeukia mimi, hana hasira, anashangaa tu. "Baba yake yuko ng'ambo, Malawi, na biashara zake. Hajui hata mtoto anakula nini. Mimi kutwa nina watoto wa watu, nawabembeleza, nawaosha, nawaimbia. Nikifika nyumbani sina kitu kilichobaki. Huyu ananitazama tu. Ananitazama, madamu. Hivyo tu."

Niliposogea kumchukua Bupe, ndipo alilia. Kwa mara ya kwanza. Alishika kitenge cha Tusekile kwa mikono yote miwili. Ilibidi mimi nibandue vidole vyake. Vidole vidogo, vina nguvu. Alikuwa analia "mama." Huyo ndiye mama yake. Hana mwingine.

Niliwafundisha kila kitu isipokuwa hicho.

Gari lilipoondoka na Rehema, Tusekile na mtoto, nilirudi ukumbini. Wote wamekaa palepale. Nilitaka kuwaambia nini? Mama Sekela wa Ikombe, ambaye juma zima hakufungua mdomo, akasema bila kusimama:

"Tulimwona tangu Jumatatu."

Nikauliza, nani alimwona. Wakainamisha vichwa. Wote.

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe ndiye mwalimu. Ulimwona na wewe, ukanyamaza. Tukasema labda hizo si zile dalili zinazosemwa. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Wageni wakafika. Hotuba. Vyeti. Soda. Jina la Tusekile likasomwa, maana hakuna aliyemwambia mshereheshaji. Hakuna aliyeinuka. Bosi akanitazama, nikatazama sakafu. Mgeni mmoja alisema ameguswa sana na utulivu wa washiriki.

Jumamosi, 10 Mei

Hospitali. Daktari kijana, mwangalifu, alimpima polepole huku akimweleza kila anachofanya. Mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika ukaunga wenyewe. Hakuna aliyewahi kumpeleka popote.

Nimempelekea uji na mkate. Uji kanywa wote. Mkate kauweka chini ya mto. Nesi alitaka kuutoa, sisimizi wataingia. Nikamwomba auache.

Bupe hajazungumza na mtu. Ameuliza kitu kimoja tu, kwa Kinyakyusa, nesi akanitafsiria. Ameuliza amekosa nini.

Jumanne, 13 Mei

Nyumba salama ya watoto hapa hakuna. Iko Mbeya, na wamesema imejaa. Nimepiga simu mpaka sikio limekuwa moto. Nikapendekeza akae kwangu. Bosi akasema nisithubutu, sheria iko wazi. Kweli iko wazi.

Kwa hiyo shangazi. Dada wa baba yake, Bujonde. Nyumba ya matofali, safi, kakao imeanikwa uani, migomba mpaka mlangoni. Mama mkimya. Alimpokea mtoto kwa heshima, akampa kigoda. Nilikagua nilichoweza kukagua. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo.

Baba naye alikuja, Asajile. Mtu mrefu, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alipiga goti mbele ya mwanawe akamshika mguu, akaona, akainuka akaenda kusimama kwenye migomba muda mrefu. Aliporudi alinishika mkono.

"Ndaga fijo, madamu. Umetusaidia. Sasa tuachie wenyewe."

Ndaga fijo ni asante sana. Nimeshaisikia mara nyingi huku. Leo ilikuwa kama mlango unaofungwa taratibu ili usipige kelele.

Jumatatu, 19 Mei

Tusekile yuko nje kwa dhamana. Afande Rehema amewapigia washiriki wote wa semina waje waandike maelezo. Mmoja anauguliwa. Mwingine anavuna. Mwingine simu haipokelewi. Mmoja wa hapa mjini, ninayemwona karibu kila siku sokoni, amemwambia hakumbuki kulikuwa na mtoto.

Mama Sekela amekuja. Kwa mtumbwi, ziwa likiwa baya. Kaeleza alichokiona, kaweka dole gumba ingawa anajua kuandika, kaondoka. Sikupata hata nafasi ya kumnunulia chai.

Nina usingizi wakati wote. Si uchovu. Ni kutotaka.

Alhamisi, 22 Mei

Bupe hayupo.

Nilikwenda Bujonde bila kutoa taarifa, kama inavyotakiwa. Shangazi alikuwa anageuza kakao juani. Hakuacha kugeuza. Nilisalimia, akaitikia vizuri. Nikauliza mtoto yuko wapi.

"Kaondoka na baba yake."

"Wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo wapi, mama?"

"Kwa ndugu. Kikao cha ukoo kimeamua. Mtoto amepigwa, amepelekwa polisi, amelazwa, watu wanakuja kumtazama kama mnyama. Inatosha. Huko hakuna anayemjua."

Niliuliza ndugu gani, kijiji gani. Akasema yeye ni mwanamke tu, hakukaa kwenye kikao. Anajua. Nilijua kwamba anajua. Alikuwa anageuza kakao ambayo ameshaigeuza.

Mwenyekiti wa kitongoji alisema ndiyo kwanza anasikia. Alikuwa amekaa kwenye kikao hichohicho.

Nimerudi kwa bodaboda kwenye matope. Nimepiga kelele ndani ya kofia ngumu. Dereva akauliza kama naimba.

Ijumaa, 23 Mei

Nilikwenda mtoni. Sina sababu ya maana. Songwe umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita. Mitumbwi inavusha watu kama kawaida. Ng'ambo ni Malawi, naona migomba ileile, nyumba zilezile, mwanamke anafua. Ningeweza kumwita akanisikia.

Nilimwuliza mvushaji kama amemvusha mwanamume mrefu na mtoto wa kike mwenye jeraha la kidevu. Hakunidharau. Alifikiri kweli.

"Wanavuka kila siku, madamu. Watoto, mbuzi, mchele. Mimi natazama maji, sitazami nyuso."

Kazi yangu inaishia ukingoni. Nimeandika kwa wenzetu wa upande wa pili, nimepiga simu, nimetuma picha ya mtoto ambayo haitoshi, uso umeinamishwa. Wamesema watafuatilia. Najua sauti ya mtu anayesema atafuatilia. Ni sauti yangu.

Nilimwambia hatapigwa tena. Sasa sijui hata kama anapigwa.

Jumatano, 28 Mei

Katumba Songwe. Nimekwenda kukiona kituo. Kimefungwa kwa mnyororo. Darasani, kupitia dirishani, mikeka imekunjwa vizuri, vikombe vya plastiki vimepangwa kwa rangi, ukutani picha za wanyama alizochora Tusekile mwenyewe. Kiboko anacheka.

Wanawake walikuwa wanatoka mashambani na miganda ya mpunga kichwani. Hawakunitukana. Walisimama wakanizunguka, wamelowa jasho, na mmoja akaniuliza kwa upole kabisa:

"Sasa wa kwetu tuwaweke wapi? Ni mavuno haya."

Nikasema tunatafuta mlezi mwingine. Akauliza lini. Nikasema karibuni.

"Wa kwetu hakuwagusa," akasema mwingine. "Hata kofi. Wanamlilia."

Nikasema najua. Ni kweli najua. Ofisi yetu ilikikagua kituo kile mwaka jana, ikakipa sifa. Nimewatazama watoto wake wote, hakuna mwenye alama. Huyo mama alikuwa na upole wa kutosha watoto wa kijiji kizima, na Bupe ndiye aliyeulipia. Wamenitazama mpaka nikapanda pikipiki.

Jumapili, 1 Juni

Homa. Malaria, nimepima. Nimelala kutwa. Nimefurahi kuwa na sababu.

Jumanne, 3 Juni

Afande Rehema amenipigia. Mwendesha mashtaka amesema bila mtoto kesi haina miguu. Baba ameandika barua kwamba familia imeyamaliza. Jalada halijafungwa, limewekwa. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akasema, "Zaituni, nina mengine kama hilo kabatini. Usinifanye niyakumbuke yote leo."

Nilimwomba radhi.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nimeswali mjini, nimerudi chumbani. Jirani Mkristo ameniletea ndizi za kupika na nyama, ameniomba nisile peke yangu, nije kwake. Nikasema nina kazi. Sina.

Mama kapiga. Anasema sauti yangu imebadilika. Anasema niombe uhamisho nirudi Kondoa. Nikamwambia kwetu pia watoto wapo. Akasema, "Ndiyo, lakini huko utakuwa na mimi." Nikalia akiwa bado hewani, naye akaniacha nilie bila kuuliza.

Jumanne, 10 Juni

Semina ya pili, Bujonde. Bosi alisema nikikaa ofisini nitaoza. Walezi wapya, vijana wengi. Chati zilezile. Nikasema yaleyale kwa sauti ya mtu mwingine.

Nilipofika kwenye kutoa taarifa, binti mmoja aliyekaa mbele akainua mkono. Hakuwa na ubishi. Alitaka kuandika jibu.

"Madamu, tukishatoa taarifa, mtoto anapelekwa wapi?"

Nilisimama. Nikajua kwamba wote wameshasikia habari ya Katumba Songwe, na kwamba shangazi wa Bupe anakaa karibu na hapo, na kwamba wengine wanapita uani kwake kila siku.

Nikasema ukweli. Nikasema mara nyingine kwa ndugu. Mara nyingine mbali. Mara nyingine hatujui. Akangoja niendelee. Akaandika. Sijui aliandika nini.

Mratibu wa semina aliniambia baadaye niwe natia moyo zaidi.

Ijumaa, 13 Juni

Mtoto wa Katumba Songwe ameletwa kituo cha afya, ameungua uji. Miaka mitatu. Mama yake alimwacha ndani na dada yake mdogo, akaenda shambani. Ataishi. Kifua kizima kimefungwa bandeji.

Nilikwenda kwa sababu ni kazi yangu kwenda. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni. Aliponiona alisema neno moja tu, "Angekuwa kituoni." Kisha akageukia ukuta.

Sheria inasema ametelekeza. Nimeandika ni ajali.

Jumatatu, 16 Juni

Kijiji kimeleta ombi. Wanamtaka Tusekile. Hakuna mwingine aliyekubali kazi ile, hakuna hukumu, hakuna kesi mahakamani. Bosi ameweka faili mbele yangu bila kusema neno. Angeweza kumpa afisa mwingine. Nadhani alifikiri ananiheshimu.

Nilikaa nalo asubuhi yote. Nilijaribu kuona mkono wangu ukikataa. Nikaona mnyororo mlangoni, nikaona bandeji. Nikaona pia magamba nyuma ya magoti. Vyote vilikuwa vya kweli, na hakuna kimoja kilichopunguza kingine.

Nimeweka sharti: asiwe peke yake na watoto, awepo mlezi wa pili muda wote. Wamesema atapatikana baada ya mavuno. Nikasema hapana, sasa. Wamemtoa binti wa mwenyekiti wa kijiji.

Nimesaini.

Najichukia, lakini bila nguvu. Hata hilo nalifanya kwa uchovu.

Jumatano, 25 Juni

Asubuhi njema. Mvua zimekwisha. Barabara yote ya Katumba Songwe mpunga umeanikwa kwenye mikeka na maturubai, kuku wanafukuzwa, harufu ya nyasi kavu.

Nilikaa kituoni tangu wanapofika mpaka uji. Binti wa mwenyekiti yupo, anajifunza. Tusekile amekonda. Mume hayupo, hajarudi tangu alipomvusha mtoto, na ndugu zake wamemtoa kwenye nyumba. Anaishi kwenye chumba nyuma ya kituo. Watoto wanamning'inia. Mmoja alimlalia mgongoni akasinzia, yeye akaendelea kugawa uji amejikunja, asimwamshe. Nilitafuta kosa. Kwa muda wote ule nilitafuta. Sikuona hata moja.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka kwenye mpunga, mtoto bado mgongoni. Tulisimama bila kutazamana, kama wanawake wawili wanaongoja gari. Nilifikiri atanilaumu, au ataniomba msamaha. Ningekuwa na jibu kwa lolote.

"Mmempata?" akauliza.

"Bado."

Akatikisa kichwa. Akamweka sawa mtoto wa mgongoni, akakaza kitenge.

"Yule anaogopa giza," akasema. "Huwa namwachia kibatari. Sijui kama huko wanajua."

Nikasema sijui. Pikipiki yangu ikafika, nikapanda, naye akarudi ndani taratibu ili mtoto asiamke.